Stylophone ya zamani: ilitoka wapi, inaliaje, na kwa nini noti za kushoto zimekufa

Msomaji anauliza: "Nimerithi kifaa kidogo cha muziki kilichoandikwa Stylophone. Hakina vitufe vya kubonyeza. Kina bati lililochorwa kama kinanda na kalamu yenye waya. Kikiwashwa kinalia, lakini hakiendani na gitaa langu, noti kadhaa za upande wa kushoto zimekufa, na nyingine zinakwaruza. Kilitengenezwa lini, na nani? Kilikuwa ala ya kweli au kichezeo cha watoto? Na je, kinaweza kupona?"

Kinaweza kupona, na huenda ukahitaji betri mpya na rezista moja tu, yaani kijisehemu kinachopunguza mkondo wa umeme. Ila tuanze na historia, kwa sababu hitilafu zote ulizozitaja, pamoja na ile sauti iliyokipatia umaarufu, zinatokana na uamuzi mmoja uliofanywa mwaka 1967: kuondoa vitufe vinavyosogea.

Aliyeufanya uamuzi huo ni Mwingereza Brian Jarvis. Mwaka uliofuata, 1968, ala yake ilianza kutengenezwa na Dubreq, kampuni aliyokuwa nayo pamoja na ndugu wawili, Burt na Ted Coleman. Ala za elektroniki hazikuwa jambo geni wakati huo. Lev Termen wa Urusi alikuwa ameunda ala inayochezwa bila kuguswa karibu na mwaka 1920, Maurice Martenot alionyesha yake Paris mwaka 1928, na Friedrich Trautwein akaitoa Trautonium Berlin mwaka 1930. Zote zilitegemea vali za kioo, ambazo hupata joto, hudai volti nyingi na hazifanyi kazi mbali na umeme wa ukutani. Transista, iliyobuniwa katika maabara ya Bell nchini Marekani mwishoni mwa 1947, ndiyo iliyobadili hesabu. Kufikia miaka ya 1960 ilikuwa ndogo na ya bei nafuu kiasi kwamba saketi nzima ya kutoa sauti iliweza kuendeshwa na betri ya volti 9 ndani ya kasha la kushikwa mkononi.

Kilichobaki ghali kilikuwa kinanda chenyewe. Kila kitufe cha kawaida kinahitaji mhimili, springi, kizuizi na mguso wa umeme, na vyote hivyo lazima vipangwe kwa mkono hadi visimame sawa. Ukitaka noti 20, unazidisha kazi hiyo mara 20. Jarvis aliikwepa kabisa: alivichora vitufe kwenye bodi ya saketi, vikachongwa kwa tindikali kutoka kwenye shaba kama njia nyingine zozote za umeme, halafu akampa mchezaji kalamu ya chuma iliyofungwa kwenye waya. Kalamu inapogusa pedi, yaani kitufe kimojawapo kilichochorwa, saketi inafungika na ala inalia. Ikiinuka, kimya. Sehemu inayosogea ni moja tu, na inasogezwa na mkono wa mchezaji.

Wazo hilo lina babu yake. Kwenye Trautonium, mchezaji hubonyeza waya wenye ukinzani dhidi ya reli ya chuma, na mahali anapobonyeza ndipo panapoamua kimo cha sauti. Stylophone ni kanuni hiyohiyo iliyokatwakatwa vipande 20, kuanzia noti ya A hadi E ya oktava inayofuata. Vitufe vyake virefu 12 vina namba 1 hadi 12, na vile vifupi 8 katikati yake vina nusu, mfano 1½, ili hata asiyesoma noti aweze kufuata wimbo kwa tarakimu.

Ndani, sauti inazaliwa hivi. Kuna kapasita, yaani kijisehemu kinachohifadhi chaji ya umeme, inayojazwa kupitia rezista. Ikifika kiwango fulani cha volti, saketi ya transista inaimwaga ghafla, na mjazo unaanza upya. Ni kama ndoo chini ya bomba inayojipindua kila ikijaa: ukifungua bomba zaidi, inapinduka mara nyingi zaidi. Ukinzani mdogo hujaza haraka na kutoa noti ya juu. Ukinzani mkubwa hujaza polepole na kutoa noti ya chini. Kila pedi kwenye bati inaipatia saketi kiasi chake cha ukinzani, basi. Swichi ya vibrato inaongeza saketi ya pili iendayo polepole, mara chache kwa sekunde, ambayo inaitikisa ya kwanza juu na chini.

Hapo ndipo tabia zote za ala hii zinapopatikana. Inalia noti moja kwa wakati kwa sababu ina osileta moja, yaani saketi moja tu ya kuzalisha mlio. Haina sauti kubwa na ndogo kwa mguso, maana mguso ni swichi tu: upo au haupo. Noti huanza ghafla na kukatika ghafla. Ukiburuta kalamu juu ya bati, sauti inapanda ngazi kwa ngazi ikiwa na mkwaruzo mdogo kati ya pedi, na hakuna kinanda cha vitufe kinachoweza kukupa mburuto wa namna hiyo.

Kuhusu swali lako la ala au kichezeo: iliuzwa kama kichezeo, ikatangazwa kwenye televisheni ya Uingereza na Rolf Harris, na takribani milioni 3 ziliuzwa, nyingi zikiishia mikononi mwa watoto. Lakini mwaka 1969 mwimbaji Mwingereza David Bowie aliicheza katika "Space Oddity", wimbo uliotolewa Julai mwaka huo, na mwaka 1981 Kraftwerk, bendi ya Kijerumani ya muziki wa elektroniki, wakaitumia katika "Pocket Calculator". Sikiliza mwanzo wa wimbo wa Bowie, jinsi mvumo wake ulivyonyooka chini ya gitaa bila kupumua. Ala inayopumua ingeharibu ule upweke. Kwa hiyo msimamo wetu ni thabiti: ni ala ya kweli yenye sauti moja nzuri, na aliyeiuza kwa watoto hakuipunguzia kitu.

Zilikuwapo aina tatu za umbo la kawaida: ya kawaida, ya besi, na ya sauti ya juu. Ile ya kawaida ndiyo iliyoenea. Kulikuwa pia na kubwa zaidi, 350S, yenye kalamu mbili, noti 44, sauti za kuchagua, na kihisi cha mwanga kilichobadili rangi ya sauti mchezaji alipopitisha kiganja juu yake. Katikati ya miaka ya 1970 lilitoka toleo lenye paneli ya spika iliyopakwa mfano wa mbao na kidhibiti cha sauti, kisha mwaka 1975 uzalishaji ukakoma. Dubreq ilifufuliwa mwaka 2003 na Ben Jarvis, mwana wa mbunifu, na mwaka 2007 Stylophone ikarudi sokoni kwa jina la S1. S1 inafanana sana na ya zamani kwa sura, ila ndani ni ya kidijitali. Mwaka 2012 ilifuata S2, ambayo ni sinthesaiza ya analogi kamili, na mwaka 2017 Gen X-1, nayo ya analogi.

Utajuaje yako ni ipi? Fungua mlango wa betri. Betri tatu za AA, sauti tatu za kuchagua na tundu la kuingizia muziki kutoka nje ni dalili za S1. Betri moja ya mstatili ya volti 9 na swichi mbili tu, ya kuwasha na ya vibrato, bila kidhibiti cha sauti, inakupeleka kwenye kipindi cha 1968 hadi katikati ya miaka ya 1970. Ushahidi mwingine uko kwenye bodi: ukikuta chipu ya 555 yenye miguu minane, kifaa hicho hakiwezi kuwa cha miaka ya mwanzo, kwa sababu chipu hiyo ilianza kuuzwa na kampuni ya Signetics mwaka 1972. Hitilafu unazoeleza ni za analogi, kwa hiyo yanayofuata yanachukulia kwamba yako ni ya zamani.

Anza na betri kabla ya kugusa kitu kingine. Pima betri wakati ala inalia, kwa kuwa betri iliyochoka husoma volti 9 ikiwa imepumzika na kuanguka mara tu inapofanyishwa kazi. Chini ya volti 7, itupe. Betri dhaifu hushusha sauti na mara nyingi huivuruga noti pia. Usiiguse klipu ya betri kwa upande usio wake hata kwa sekunde moja ya kujaribu. Saketi isiyo na diodi ya ulinzi inaweza kupoteza transista papo hapo. Kama kuna ukoko kwenye klipu, jua kwanza umetoka kwenye betri gani. Betri za alkalini huvuja kitu chenye asili ya magadi, na siki kidogo kwenye pamba hukimaliza. Betri za zinki na kaboni, ambazo ndizo zilizokuwa za kawaida enzi hizo, huvuja asidi, na dawa yake ni bikaboneti ya soda iliyoloweshwa kidogo. Ukizitumia dawa hizo kinyume, ukoko haulegei. Baadaye pangusa kwa spiriti ya isopropili na uache pakauke kabisa. Klipu iliyoliwa hadi waya umegeuka kijani ndani ya plastiki haisafishiki, ibadilishe.

Kisha kalamu. Waya wake hupindwa kila siku mahali pawili: unapoingia kwenye kalamu na unapoingia kwenye kasha. Nyuzi za shaba hukatika ndani huku ngozi ya plastiki ikionekana nzima. Weka mita ya umeme kwenye kipimo cha omu, mguu mmoja kwenye ncha ya kalamu na mwingine mahali waya ulipolehemiwa kwenye bodi, halafu utikise waya. Usomaji unapaswa kukaa karibu na sifuri bila kurukaruka. Ukiruka, kata sentimita mbili tatu za mwisho na ulehemu upya, au weka waya mpya laini wenye nyuzi nyingi. Waya mgumu wa uzi mmoja utakatika baada ya muda mfupi.

Mkwaruzo unatoka kwenye bati. Pedi zikifubaa, mahali pa mguso panapata ukinzani wake wenyewe, na ukinzani huo unajumlishwa na ule wa noti. Tumia kifutio laini cha penseli, polepole, halafu spiriti kwenye pamba, na usiisahau ncha ya kalamu. Msasa usiukaribishe: unachubua tabaka la juu la pedi, na shaba iliyo wazi hufubaa haraka kuliko ulivyoikuta. Mafuta ya kulainisha pia hayafai, maana yanakusanya vumbi na kuyageuza uji.

Sasa noti zilizokufa. Geuza bodi ufuate njia za shaba kwa macho. Kama rezista zinaunganisha pedi na pedi jirani, moja baada ya nyingine, una mnyororo: umeme wa noti ya chini kabisa hupita kwenye rezista zote. Mnyororo ukikatika mahali pamoja, noti zote zilizo chini ya hapo, yaani upande wa kushoto, hufa kwa pamoja huku za kulia zikiendelea kulia. Hiyo ndiyo dalili yako hasa. Ondoa betri, pima kati ya pedi ya mwisho inayolia na ya kwanza iliyokufa. Kama mita haionyeshi njia, ama rezista imekatika, ama lehemu yake imepasuka, ama uzi wa shaba umevunjika. Pasha lehemu upya kwanza. Mara nyingi inatosha. Kama kila pedi ina rezista yake inayokwenda kwenye njia ya pamoja, basi noti jirani kufa pamoja kunaashiria ufa kwenye bodi, na ufa huo unazibwa kwa kipande cha waya mwembamba kilicholehemiwa juu yake.

Bodi za wakati huo zinaogopa joto. Chuma cha kulehemia cha wati 25 hadi 30 kinatosha, na usikiache kwenye sehemu moja zaidi ya sekunde tatu, la sivyo njia ya shaba itabanduka.

Kabla ya kubadilisha rezista, elewa ukubwa wake unavyopangwa. Kila nusu toni inazidisha marudio ya sauti kwa takribani 1.0595, kwa hiyo ukinzani wa jumla lazima uongezeke kwa karibu asilimia 5.95 kila unaposhuka noti moja. Tuchukue mfano wa saketi ya 555, yenye kapasita ya nanofaradi 100 na rezista ya juu ya omu 1,000, ikicheza kutoka A ya hezi 220 hadi E ya hezi 659. Noti ya juu kabisa itahitaji takribani omu 10,420 kabla ya mnyororo kuanza. Rezista ya kwanza ya mnyororo, kati ya E na noti iliyo chini yake, itakuwa kama omu 650. Ya mwisho, ya kumi na tisa, itakuwa karibu omu 1,840. Zote katikati zinapanda taratibu kati ya namba hizo. Ndiyo maana huwezi kuweka rezista 19 zinazolingana ukapata kinanda kinachosikika sawa. Saketi yako ikiwa ya aina nyingine, namba zitakuwa tofauti lakini mpandio utakuwa uleule, hivyo pima rezista mbili zilizo jirani na iliyokufa na thamani unayoitafuta itakuwa kati yao.

Nunua rezista za filamu ya chuma zenye uvumilivu wa asilimia 1, yaani ambazo thamani yake haitofautiani na iliyoandikwa kwa zaidi ya asilimia 1. Katika saketi ambayo kila noti ina rezista yake peke yake, kosa la asilimia 5 linaweza kuipeleka noti karibu nusu toni nzima nje ya mahali pake. Kwenye mnyororo makosa hufidiana kiasi, ila sikio bado litayakamata.

Kutolingana na gitaa kuna sababu nyingi, na namna noti zinavyopotea ndiyo inayokuambia sababu ni ipi. Weka betri mpya, zima vibrato, acha ala ikae kwenye joto la chumba. Pedi namba 8 ni A. Iweke sawa na kipima noti cha simu kwa kuzungusha kidhibiti kilicho upande wa chini wa kasha, kisha pitia pedi zote kutoka 12 kushuka hadi 1 ukiandika kila moja imepungua au imezidi kiasi gani.

Kama zote zimehama kwa umbali uleule, kidhibiti kinatosha. Kikifika mwisho bila kutosha, kapasita inayoamua marudio imebadilika thamani. Weka ya filamu ya polyesta. Kapasita za kauri za kawaida zinabadilika na joto, na ala itahama noti jua likizidi. Kama za juu zimeshuka huku za chini ziko sawa, kuna ukinzani wa ziada kwenye njia ya pamoja: kalamu, waya wake au kiungo chake. Omu 500 za uchafu ni nyingi kwa noti yenye omu 10,000, lakini kwa yenye 32,000 hazisikiki sana. Kama noti ziko sawa hadi mahali fulani na zote zilizo chini ya hapo zimeshuka, rezista iliyo kwenye mpaka huo imepanda thamani. Rezista za kaboni hufanya hivyo zikizeeka, hasa zilipokaa penye unyevu.

Huenda baada ya yote hayo ala ikalia sawa lakini kwa sauti nyembamba, au vibrato isisikike. Hapo tazama kapasita za elektroliti, zile za mviringo zenye alama ya hasi ubavuni. Hukauka ndani kwa miaka. Weka nyingine yenye mikrofaradi zilezile na volti sawa au zaidi. 16 au 25 zinafaa kwa betri ya volti 9. Fuata alama ya hasi bila kukosea. Spika nayo ichunguze kwa tochi kama karatasi yake haijachanika, na upime waya wake: mita inapaswa kusoma chini kidogo ya namba ya omu iliyoandikwa nyuma yake. Ikionyesha hakuna njia, spika imekatika.

Kwa kurekodi, weka maikrofoni sentimita tano hadi kumi mbele ya spika. Kasha dogo na spika ndogo ni nusu ya sauti unayoijua kutoka kwenye rekodi. Ukichukua umeme moja kwa moja kabla ya spika utapata mlio mkali usio na mwili. Na ukimaliza kucheza toa betri, hata kama unadhani utarudi kesho.